Wachina na Wamarekani: Deni la mzazi hulipwa vipi?

MNAMO Julai 1, 2013, mahakama moja katika jiji la Wuxi, mkoani Jiangsu, mashariki mwa Uchina, ilitoa uamuzi uliozungumziwa kote duniani. Mama mwenye umri wa miaka 77 alikuwa amemshtaki bintiye kwa kumtelekeza. Mahakama ilimwagiza binti huyo awe akimzuru mamake angalau mara moja kila baada ya miezi miwili, na pia katika baadhi ya sikukuu za kitaifa.

Siku hiyo hiyo ndipo sheria ya kulinda haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 1996 na kufanyiwa marekebisho, ilipoanza kutekelezwa ikiwa na kifungu kipya kinachowataka jamaa wanaoishi mbali na wazee wao wawatembelee au wawajulie hali mara kwa mara.

Kwa Mmarekani wa kawaida, habari hiyo ilikuwa kioja. Katika nchi yake, mtu mzima kwenda kumwona mamake ni jambo la hiari na mapenzi, wala hakimu hana sauti ndani yake. Wachina wengi nao walishangaa, ila kwa sababu nyingine. Walijiuliza mambo yameharibika kiasi gani hata ikalazimu wajibu ambao babu zao waliuona dhahiri kama jua la mchana uandikwe katika sheria.

Wajibu wenyewe haukuwa mpya. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Uchina ya mwaka 1982 kinasema kuwa wazazi wana jukumu la kuwalea na kuwaelimisha watoto wao wadogo, na kwamba watoto waliokomaa wana jukumu la kuwakimu na kuwasaidia wazazi wao. Katiba ya Marekani haitaji familia hata mara moja.

Tofauti nyingi za maisha ya kila siku baina ya mataifa haya mawili, kuanzia namna watu wanavyoitana majina hadi wanavyougua na kuzeeka, huweza kufuatiliwa hadi kwenye swali hilo moja: mtu anadaiwa nini na jamaa zake, na deni hilo hulipwa lini?

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba nchi zote mbili ni pana na zina watu wa aina nyingi. Uchina ina watu zaidi ya bilioni 1.4 na makabila 56 yanayotambuliwa na serikali. Marekani ina zaidi ya watu milioni 330 wenye asili ya kila pembe ya dunia. Yanayoelezwa hapa ni mazoea yaliyoenea, na kila zoea lina wasiolifuata.

Mizizi ya tofauti

Msingi wa familia ya Kichina ulijengwa juu ya mafunzo ya Confucius, aliyeishi kati ya mwaka 551 na 479 kabla ya Kristo. Wafuasi wake waliliweka mbele neno ‘xiao’, maana yake utiifu, heshima na wema wa mtoto kwa wazazi wake. Maandishi ya neno hilo yana alama ya mzee iliyo juu ya alama ya mtoto, mithili ya mtoto aliyembeba mzee mgongoni.

Katika enzi ya Yuan, iliyodumu kutoka 1271 hadi 1368, zilikusanywa hadithi 24 za watoto wa kuigwa, na kwa karne nyingi hadithi hizo zilitumiwa kuwafunza watoto adabu. Mmoja wao alilala juu ya mto ulioganda ili ayeyushe barafu na kumpatia mama yake wa kambo samaki. Mwingine aliwaacha mbu wamfyonze yeye usiku kucha ili wasiwasumbue wazazi wake. Mwandishi maarufu Lu Xun alizikosoa hadithi hizo katika miaka ya 1920 akiona kuwa zinamtwika mtoto mzigo usiofaa, lakini fikra iliyomo ndani yake haijafutika.

Marekani ilikua kwa njia tofauti. Sheria ya mwaka 1862 iliwaruhusu walowezi kujipatia ekari 160 za ardhi ya serikali mradi waishi hapo na kuilima. Kijana aliyetaka shamba hakulazimika kumngoja babake amrithishe. Alifunga mizigo akaelekea magharibi. Hata kabla ya hapo, Mfaransa Alexis de Tocqueville, aliyezuru nchi hiyo mwaka 1831 na 1832, alikuwa ameandika kwamba mamlaka ya baba wa Kimarekani juu ya mwanawe hulegea pindi kijana anapobaleghe, na kwamba wote wawili huliona jambo hilo kuwa la kawaida.

Wasomi wa Kichina waliojaribu kuzilinganisha jamii hizi wameacha mifano inayoeleweka kwa urahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mwanasosholojia Fei Xiaotong alisema kuwa jamii ya nchi za Magharibi ni kama kuni zilizofungwa katika matita: kila ukuni una tita lake na mipaka ni wazi. Jamii ya Kichina, alisema, ni kama mawimbi yanayotokea jiwe linapotupwa majini. Mtu yuko katikati, na jamaa, majirani na marafiki wako katika duara zinazozidi kupanuka huku zikififia.

Naye Francis Hsu, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Uchina na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago, alichapisha mwaka 1953 kitabu kilichowalinganisha Wamarekani na Wachina. Alieleza kuwa Mmarekani hujipima kwa nafsi yake na matakwa yake, ilhali Mchina hujipima kwa nafasi aliyo nayo miongoni mwa watu waliomzunguka.

Majina na maamkizi

Tofauti hiyo hujitokeza mara tu mtu anapotaja jina lake. Mchina hutanguliza jina la ukoo. Mchezaji wa mpira wa vikapu Yao Ming, aliyeichezea timu ya Houston Rockets nchini Marekani kuanzia mwaka 2002, ni mtu wa ukoo wa Yao. Ming ndilo jina alilopewa na wazazi. Mmarekani hutanguliza jina lake mwenyewe kisha la ukoo.

Hata hivyo, katika ndoa mambo hugeuka kinyume na matarajio. Mwanamke wa Kichina haachi jina la ukoo wa babake anapoolewa. Nchini Marekani, nchi inayosifika kwa uhuru wa mtu binafsi, kituo cha utafiti cha Pew kilibaini mwaka 2023 kuwa takriban wanawake wanne kati ya watano walioolewa na wanaume walichukua jina la mume.

Kichina pia kina hazina kubwa ya majina ya ujamaa. Ndugu mkubwa wa kiume ni ‘gege’, na mdogo ni ‘didi’. Kakake baba anaitwa ‘bobo’, mdogo wa baba ni ‘shushu’, naye nduguye mama ni ‘jiujiu’. Kiingereza cha Wamarekani huwaita wote watatu hao wa mwisho kwa neno moja, ‘uncle’. Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu kulielewa jambo hili kwa kuwa naye hutofautisha baba mkubwa na baba mdogo, na hamchanganyi ami na mjomba.

Majina hayo hubeba wajibu. Babu na nyanya wa upande wa mama huitwa kwa maneno yanayoanza na ‘wai’, yaani ‘nje’, kwa sababu zamani binti aliyeolewa alihesabiwa kuwa ameingia ukoo mwingine. Aidha, mtoto wa Kichina hathubutu kumwita rafiki wa babake kwa jina lake tupu. Humwita ‘shushu’ au ‘ayi’, kana kwamba ni baba mdogo au mama mdogo. Katika nyumba nyingi za Wamarekani, mtoto humwita mgeni kwa jina lake la kwanza na hakuna anayeudhika.

Maamkizi nayo yana siri yake. Wachina wa makamo na wazee huulizana, “Umekula?” Si mwaliko wa chakula, bali ni njia ya kujuliana hali katika nchi iliyopitia njaa nyingi, ikiwemo ile ya mwaka 1959 hadi 1961 iliyoangamiza mamilioni ya watu. Mmarekani huuliza tu habari, na jibu linalotarajiwa ni kwamba ni njema, hata kama mwulizwa hakulala kwa maumivu ya jino.

Mezani

Katika mlo wa Kichina, vyakula huwekwa katikati ya meza na kila mmoja huchota kwa vijiti vyake. Mkubwa wa umri ndiye huanza. Mwenyeji humwekea mgeni kipande kinono bakulini bila kuulizwa, na mgeni hukataa mara moja au mbili kabla ya kukubali. Ni mwiko kuchomeka vijiti wima ndani ya bakuli la wali, kwa kuwa hufanana na ubani unaochomwa kwa ajili ya wafu.

Mmarekani hupewa sahani yake. Huulizwa apendacho, na akisema hataki, mwenyeji huamini kuwa hataki. Mchina mgeni nchini Marekani huenda akashinda njaa akingoja kubembelezwa mara ya pili, naye Mmarekani mgeni nchini Uchina huenda akavimbiwa kwa kumaliza kila anachowekewa, asijue kuwa bakuli tupu huonekana kama ombi la kuongezwa.

Bili inapoletwa mkahawani, Wachina hugombania kuilipa, hata kusukumana. Anayeshindwa leo anajua kuwa zamu yake itafika: mla cha mwenzake na chake huliwa. Wamarekani wengi hugawana gharama kila mmoja alipe alichokula, ili pasiwe na deni kati ya marafiki. Mtindo huo sasa umeenea pia miongoni mwa vijana katika miji ya Uchina. Kisha Mmarekani humwachia mhudumu bakshishi ya kati ya asilimia 15 na 20, jambo ambalo si desturi nchini Uchina.

Hata maji ya kunywa hutofautiana. Mkahawa wa Kimarekani humletea mteja maji yenye barafu hata wakati wa baridi kali. Mchina hupendelea maji moto, kwa mujibu wa tiba ya jadi inayoona kuwa ubaridi hudhuru tumbo, na pia kutokana na kampeni za afya za miaka ya 1950 zilizohimiza maji yachemshwe. Mama wa Kichina humwambia mgonjwa anywe maji moto hata kabla hajataja daktari.

Shukrani pia huleta utata. Mmarekani humshukuru mkewe kwa kumpa chumvi, na hukata simu kwa kumwambia mwanawe kuwa anampenda. Katika familia nyingi za Kichina, maneno hayo yakisemwa baina ya watu wa damu moja huonekana kana kwamba yanaleta umbali. Mama aliyemgombeza mwanawe kwa alama mbaya hatamwomba msamaha. Baada ya saa moja atamletea sahani ya matunda yaliyomenywa na kukatwakatwa, na mtoto ataelewa.

Malezi na elimu

Mwanamke wa Kichina akijifungua, hukaa ndani kwa muda wa mwezi mmoja bila kufanya kazi nzito, akilishwa supu na vyakula vya moto huku akikingwa dhidi ya baridi na upepo. Desturi hiyo huitwa ‘kukaa mwezi’, na haiko mbali sana na siku 40 za mzazi zinazofahamika katika pwani ya Afrika Mashariki. Mara nyingi mamake au mama mkwe ndiye humhudumia. Sheria nayo humpa angalau siku 98 za likizo ya uzazi yenye malipo.

Marekani haina sheria ya taifa zima inayowapa wafanyakazi wote likizo ya uzazi yenye malipo, ingawa baadhi ya majimbo yamejitungia sheria zao. Sheria ya kitaifa ya mwaka 1993 humpa mfanyakazi anayetimiza masharti yake wiki 12 bila mshahara. Kuna wanawake ambao hurejea kazini kabla ya vidonda kupona, na mtoto hupelekwa katika kituo cha malezi ambacho ada yake humeza sehemu kubwa ya mshahara.

Nchini Uchina, mlezi wa mchana aghalabu ni babu au nyanya. Wapo wanaoacha vijiji vyao na kuhamia miji wasiyoijua ili kuwalea wajukuu. Wapo pia wanaobaki na wajukuu vijijini wakati wazazi wako viwandani mbali, kwa kuwa utaratibu wa kuandikisha makazi ulioanzishwa mwaka 1958 umeifanya kazi ya kuwasajili watoto katika shule za mijini kuwa ngumu.

Usiku, mtoto wa Kichina kwa kawaida hulala na wazazi au nyanya yake. Wamarekani wengi humzoesha mtoto kulala katika chumba chake mapema, wakiamini kuwa anajifunza kujitegemea. Akikua kidogo hupewa fedha za matumizi ajifunze kuzipanga, na katika majimbo mengi huweza kupata leseni ya kuendesha gari akiwa na miaka 16. Lengo la malezi hayo liko wazi: siku moja aondoke.

Lengo la mzazi wa Kichina huonekana zaidi katika masomo. Mitihani ya kifalme ya kuchagua maafisa wa serikali ilidumu kwa takriban miaka 1,300 hadi ilipofutwa mwaka 1905, na ilimwezesha hata mwana wa mkulima kuuinua ukoo mzima. Mrithi wake ni mtihani wa kitaifa wa kuingia chuo kikuu, ‘gaokao’, unaofanywa kila Juni. Mwaka 2024 ulivutia watahiniwa milioni 13.42. Matokeo yake ni ya mtoto, lakini pia ni ya babake, mamake na nyanya zake. Mwaka 2021, serikali ilipiga marufuku masomo ya ziada ya kibiashara katika masomo makuu kwa watoto wa elimu ya msingi, ikisema yanawalemea wazazi na watoto.

Mvutano wa falsafa hizi mbili ulizuka hadharani mwaka 2011, Amy Chua, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Yale mwenye asili ya Kichina, alipochapisha kitabu kuhusu jinsi alivyowalea mabinti zake kwa ukali. Wamarekani wengi walimshutumu kwa kuwanyima watoto uhuru. Wengine walijiuliza iwapo uhuru wanaowapa watoto wao si uzembe uliovishwa joho la hekima.

Ndoa na nyumba

Sheria ya Uchina huruhusu mwanamume kuoa akiwa na miaka 22 na mwanamke kuolewa akiwa na miaka 20. Uchaguzi wa mchumba ni wa wahusika, lakini wazazi hawakai kando. Wikendi katika bustani ya People’s Park jijini Shanghai, wazee hukutana wakiwa na karatasi, mara nyingi zikiwa zimebandikwa juu ya miavuli iliyofunguliwa, zinazoeleza umri, kimo, elimu, mshahara na nyumba ya mtoto anayetafutiwa mwenzi. Pengine mtoto mwenyewe hana habari.

Familia ya kijana hutarajiwa kuchangia ununuzi wa nyumba, na katika sehemu nyingi za mashambani hulipa mahari ambayo serikali imekuwa ikijaribu kuipunguza. Wazazi humaliza akiba ya maisha yao kwa ajili ya nyumba hiyo. Hapo ndipo deni hukua. Mzazi aliyetoa kila alicho nacho hana pa kuegemea uzeeni isipokuwa kwa yule aliyempa. Wachina wana msemo usemao kuwa mtu hulea mtoto ili ajikinge na uzee.

Mmarekani husaidiwa na wazazi wake pia, hasa kulipa karo ya chuo, lakini baada ya hapo nyumba hununuliwa kwa mkopo wa benki unaolipwa kwa miaka 30. Deni lake liko benki, si sebuleni kwa mamake. Huweza kumwoa amtakaye na kumjulisha babake baadaye.

Mgonjwa na ukweli

Hakuna pahala ambapo tofauti hizi huuma kuliko kando ya kitanda cha mgonjwa. Katika familia nyingi za Kichina, mzee akigunduliwa kuwa na saratani, daktari huwaita watoto wake kwanza, nao huamua iwapo ataambiwa. Wao huona kuwa habari hizo ni mzigo, na kwamba ni wajibu wao kuubeba kwa niaba yake. Sheria ya madai ya Uchina iliyoanza kutumika mwaka 2021 inaruhusu daktari kuwaeleza jamaa wa karibu pale isipofaa kumweleza mgonjwa mwenyewe.

Mtengenezaji filamu Lulu Wang, aliyezaliwa Beijing na kulelewa Marekani, alilifanya jambo hilo kuwa kiini cha filamu yake ‘The Farewell’ ya mwaka 2019. Ukoo mzima unakusanyika katika jiji la Changchun kwa kisingizio cha harusi ili umuage nyanya ambaye hajui kuwa anaugua. Mjukuu aliyekulia New York anaona kuwa huo ni uwongo. Jamaa zake wanaona kuwa ni mapenzi.

Ni rahisi kudhani kuwa Wamarekani wamekuwa na msimamo wao tangu jadi. La hasha. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa madaktari jijini Chicago na kuchapishwa mwaka 1961 ulionyesha kuwa takriban asilimia 90 yao walipendelea kutomwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Uchunguzi kama huo wa mwaka 1979 ulionyesha kuwa asilimia 97 sasa walipendelea kumwambia. Desturi inayodhaniwa kuwa ya kale iligeuka katika muda wa miaka 18.

Uzeeni

Marekani ilianzisha hazina ya kitaifa ya malipo ya uzeeni mwaka 1935, na bima ya matibabu ya wazee mwaka 1965. Mipango hiyo iliwaondolea watoto sehemu kubwa ya mzigo, na kuwapa wazee fahari ya kutomtegemea yeyote. Mzee wa Kimarekani husema kuwa hataki kuwa mzigo kwa watoto wake, na kwake huo ndio upendo. Wengi hukaa peke yao hadi nguvu zinapowaishia, kisha baadhi yao huhamia makao ya wazee.

Hata hivyo, sheria za Marekani hazijanyamaza kabisa. Zaidi ya majimbo 20 yana sheria, nyingi za tangu zamani na ambazo ni nadra kutumiwa, zinazowataka watoto kuwakimu wazazi maskini. Mwaka 2012, mahakama ya rufaa ya jimbo la Pennsylvania ilishikilia kuwa mwanamume mmoja alipe takriban dola 93,000 zilizokuwa zikidaiwa na makao yaliyomtunza mamake. Tofauti na kesi ya Wuxi, aliyeshtaki hapa hakuwa mama bali kampuni, na kilichodaiwa kilikuwa pesa.

Nchini Uchina, mipango ya serikali imekuwa ikikisia kuwa asilimia 90 ya wazee watatunzwa nyumbani, saba kwa msaada wa mitaa yao na tatu tu katika makao maalumu. Malipo ya uzeeni ya mkulima wa kijijini ni madogo mno yakilinganishwa na ya mstaafu wa mjini. Kumpeleka mzazi katika makao ya wazee bado huwafanya wengi waone haya mbele ya majirani.

Hesabu zilizogeuka

Lakini nani atawatunza nyumbani? Sera ya mtoto mmoja, iliyoanza mwaka 1979 na 1980 na kukoma mwishoni mwa 2015, ilizaa familia inayofanana na piramidi iliyopinduliwa: babu na nyanya wanne, wazazi wawili na mtoto mmoja. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima. Yeye na mwenzi wake, ambaye pia hana ndugu, wana wazazi wanne wa kuwatunza, huku wakifanya kazi katika jiji lililo mbali na kwao. Familia zilizompoteza mtoto huyo wa pekee kwa ajali au ugonjwa zimebaki bila wa kulilipa deni hilo.

Serikali iliruhusu watoto watatu mwaka 2021, lakini vijana hawakuharakisha kuzaa. Mwaka 2022 idadi ya Wachina ilipungua kwa mara ya kwanza tangu mapema miaka ya 1960. Ndoa zilizosajiliwa zilishuka kutoka zaidi ya milioni 13 mwaka 2013 hadi takriban milioni 6.1 mwaka 2024. Kufikia mwisho wa mwaka huo, watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa milioni 310, sawa na asilimia 22 ya Wachina wote. Kuanzia Januari 2025, umri wa kustaafu ulianza kuongezwa hatua kwa hatua.

Marekani nayo inaelekea upande wa pili. Kwa mujibu wa kituo cha Pew, Wamarekani wanaoishi katika nyumba zenye zaidi ya kizazi kimoja cha watu wazima walikuwa asilimia 7 mwaka 1971. Kufikia 2021 walikuwa asilimia 18. Kodi ya nyumba na madeni ya chuo yamewarudisha vijana kwa wazazi wao. Mnamo Julai 2020, wakati wa janga la Covid-19, zaidi ya nusu ya vijana wa kati ya miaka 18 na 29 walikuwa wakiishi na mzazi.

Sensa ya Uchina ya mwaka 2020 ilipata kuwa nyumba moja ina wastani wa watu 2.62. Nchini Marekani wastani ni karibu 2.5. Kwa hesabu ya vichwa, familia ya Kichina na ya Kimarekani zimekaribia kulingana. Kinachotofautiana ni matarajio ya waliomo.

Waliokutana njiani

Wapo wanaoishi ndani ya mila zote mbili kwa wakati mmoja. Sheria ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani, na haikufutwa hadi 1943. Tetemeko na moto wa San Francisco wa mwaka 1906 ulipoteketeza rekodi za serikali, wanaume wengi walidai kuwa walizaliwa humo na kwamba wana watoto wa kiume huko Uchina. Nafasi hizo ziliuzwa kwa vijana wa familia nyingine, ambao waliitwa ‘wana wa karatasi’. Waliishi kwa majina ya koo zisizo zao, katika utamaduni ambao jina la ukoo ndilo nguzo ya mtu.

Kinyume chao ni watoto walioasiliwa. Kuanzia mwaka 1992 hadi Uchina ilipositisha mpango huo mwaka 2024, zaidi ya watoto 160,000, wengi wao wasichana, walichukuliwa na familia za kigeni, takriban nusu yao zikiwa za Kimarekani. Wamelelewa kwa desturi za Marekani. Baadhi yao, walipokomaa, wamerudi kuwatafuta wazazi ambao hawawadai chochote kisheria. Hakuna mahakama iliyowaagiza.

Leo Marekani ina zaidi ya watu milioni 5 wenye asili ya Kichina. Wengi wao huadhimisha sikukuu mbili. Alhamisi ya nne ya Novemba hula bata mzinga katika Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo Wamarekani husongamana katika viwanja vya ndege na barabara kuu wakielekea kwa wazazi. Baina ya Januari na Februari huadhimisha mwaka mpya wa Kichina, ambapo watoto hupewa bahasha nyekundu zenye pesa. Nchini Uchina kwenyewe, safari za msimu huo hudumu kwa siku 40, na hakuna msimu mwingine duniani unaoshuhudia watu wengi hivyo wakisafiri kwenda nyumbani.

Mmarekani husema kuwa amekwenda kwa kuwa alitaka. Mchina husema kuwa amekwenda kwa kuwa imempasa. Kwa mzee anayesubiri mlangoni, tofauti hiyo huenda isiwe kubwa sana. Linalomkera, awe Wuxi au Pennsylvania, ni mwaka ambao hakuna aliyefika.